Clement Gillman

Clement Gillman (Madrid, Hispania, 1882 – 1946) alikuwa mhandisi wa reli na mwanajiografia aliyefanya kazi kwa takriban miaka 40 katika nchi ambayo leo ni Tanzania Bara. Alifika wakati wa ukoloni wa Kijerumani na akaendelea chini ya utawala wa Waingereza. Alishiriki katika ujenzi wa Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam kuelekea Tabora na Kigoma, na baadaye alikuwa Mhandisi Mkuu wa Reli za Tanganyika.

Anakumbukwa pia kwa ramani zake mbili: ramani ya mtawanyiko wa watu wa Tanganyika (1936) na ramani ya uoto (1949). Jina lake linajulikana zaidi na wapanda mlima, kwa sababu Gillman's Point, mahali kwenye ukingo wa kreta ya Kibo juu ya mlima Kilimanjaro, paliitwa kwa heshima yake.

Maisha ya awali

Gillman alizaliwa Madrid, mji mkuu wa Hispania. Baba yake alikuwa Mwingereza na mama yake Mjerumani. Alipata elimu yake Ujerumani na Uswisi, na katika mji wa Zürich alisomea uhandisi. Hivyo alikua akizungumza lugha kadhaa za Ulaya, na Kijerumani ndicho kilichokuwa lugha yake ya masomo.

Uswisi ya wakati ule ilikuwa shule nzuri kwa mhandisi wa reli. Nchi yenye milima mirefu na mabonde membamba ilikuwa imejenga njia nyingi za reli nyembamba zenye upana wa mita 1, kwa kuwa reli za aina hiyo hupita kwenye kona kali na gharama yake ni ndogo kuliko ya reli pana. Upana huohuo wa mita 1 ndio uliochaguliwa na Wajerumani kwa reli zao za Afrika Mashariki.

Kufika Afrika Mashariki

Mwaka 1905 Gillman alifika Dar es Salaam akiwa mhandisi kijana kwenye ujenzi wa Reli ya Kati. Kazi hiyo ilifanywa na kampuni ya ujenzi ya Philipp Holzmann kutoka Frankfurt. Mwaka huohuo vita vya Maji Maji vilianza katika sehemu za kusini za koloni, na viliendelea hadi 1907.

Koloni lilikuwa na reli nyingine ya zamani zaidi, ile ya Usambara, iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893. Lakini Reli ya Kati ilikuwa mradi mkubwa zaidi, kwani ililenga kufuata, kwa jumla, mwelekeo wa njia ya kale ya misafara iliyotoka pwani hadi Tabora na Ujiji. Kwa miaka mingi njia hiyo ilikuwa imepitishwa pembe za ndovu, watumwa, nguo, shanga na bunduki, vyote vikibebwa vichwani na mabegani mwa watu.

Ujenzi wa Reli ya Kati

Reli ilifika Morogoro mwaka 1907. Mwaka uliofuata iliamuliwa iendelezwe hadi Tabora. Ilifika Dodoma mwaka 1910 na Tabora mwaka 1912. Mwezi Februari 1914 reli zilifika Kigoma kwenye Ziwa Tanganyika. Urefu wote wa njia ulikuwa takriban kilomita 1,250.

Kila sehemu ya njia hiyo ilikuwa na ugumu wake:

Toka Dar es Salaam njia ilipanda vilima vya Pugu, ikashuka kwenye bonde la mto Ruvu, kisha ikaelekea Ngerengere na Morogoro.

Baada ya Morogoro ilivuka mbuga ya Mkata, ambayo hujaa maji wakati wa masika.

Kuanzia Kilosa ilifuata bonde la mto Mkondoa kupitia Kidete na Gulwe. Bonde hilo lilikuwa njia rahisi ya kupanda kwenda bara, lakini mto wenyewe hubadilisha mkondo na kula tuta la reli.

Baada ya Dodoma na mbuga ya Bahi njia ilipaswa kupanda ukuta wa Bonde la Ufa karibu na Saranda ili kufika nyanda za juu za Manyoni.

Magharibi ya Manyoni ilipita kwenye kichaka kizito cha Itigi, ambako miti imesongamana kiasi kwamba mtu hawezi kuona mbali.

Baada ya Tabora ilipita katika misitu ya miombo kupitia Usoke, Urambo, Kaliua na Usinge, ikavuka mabwawa ya mto Malagarasi, kisha ikateremka kupitia Uvinza, mahali penye chumvi, hadi ziwani.

Sehemu ya Tabora hadi Malagarasi haikuwa na milima. Tatizo lake lilikuwa maji. Wakati wa kiangazi yalikosekana, na injini ya mvuke haiwezi kwenda bila maji. Wakati wa masika yalizidi, na tuta lililojengwa juu ya udongo mweusi wa mbuga lilititia. Kwa hiyo mhandisi alipaswa kujua mapema wapi pa kuchimba kisima, wapi pa kuweka daraja na wapi pa kuweka kalavati. Akikosea, kosa hilo huonekana masika ya kwanza.

Wafanyakazi wa reli

Kazi kubwa ilifanywa kwa mikono ya maelfu ya Waafrika. Walikata miti, walichimba mitaro, walibeba udongo kwa karai na vikapu, walipasua mawe na kulaza mataruma. Sehemu za kazi zilikabidhiwa kwa wakandarasi wadogo, wengi wao wakiwa Wagiriki.

Wanyamwezi walikuwa wengi kati ya vibarua. Katika karne ya 19 walijulikana kama wapagazi hodari wa njia ya misafara, na kwenda pwani na kurudi lilikuwa jambo la heshima kwa kijana wa Unyamwezi. Sasa watu walewale walijenga kitu kitakachomaliza kazi ya upagazi. Behewa moja la mizigo hubeba uzito uliohitaji mamia ya wapagazi, na safari ya miezi ikawa safari ya siku chache.

Reli ilibadilisha pia thamani ya miji. Bagamoyo, iliyokuwa mwisho wa njia ya misafara pwani, ilipoteza biashara yake kwa Dar es Salaam. Ujiji ilipitwa na Kigoma. Tabora ilibaki muhimu kwa sababu reli ilifika hapo. Urambo, iliyokuwa makao ya mtemi Mirambo hadi kifo chake mwaka 1884, ikawa stesheni mojawapo kati ya Tabora na Kigoma.

Injini, mabehewa na majengo

Upana wa njia ulikuwa milimita 1,000. Mataruma yalikuwa ya chuma kwa sababu mchwa hula mbao kwa haraka, hasa katika nchi ya miombo. Injini zilikuwa za mvuke na kwa sehemu kubwa zilichoma kuni zilizokatwa kando ya njia. Kwa hiyo kila baada ya umbali fulani palihitajika mahali pa kuchukua maji na rundo la kuni.

Stesheni kubwa zilijengwa kwa mawe, zikiwa na kuta nene na paa lenye mwinamo. Stesheni ya Tabora ni mfano unaojulikana wa majengo ya Kijerumani ya wakati huo. Stesheni ndogo zilikuwa na jengo la msimamizi, bohari, tangi la maji na nyumba za kikosi cha kutunza njia.

Jua, mvua na vumbi vilishambulia vyote hivyo tangu siku ya kwanza. Rangi ya mabehewa ilipauka upande uliopigwa na jua. Vumbi jekundu liliingia kwenye kila ungo na kushika sehemu za chini. Masizi ya kuni yalitia weusi paa la behewa lililofuata injini. Kutu ilianza kwenye misumari na kwenye pembe ambako maji husimama. Kuta za stesheni zilipata alama nyekundu chini, mahali ambapo matone ya mvua hurusha udongo. Katika idara ya uhandisi kazi ya kutunza ilikuwa kubwa kuliko kazi ya kujenga. Ilikuwa pia ya kudumu, kwa kuwa tuta likiachwa masika mawili bila kufanyiwa ukarabati huanza kubomoka.

Pengine mzigo maarufu kuliko yote uliosafirishwa kwenye njia hiyo ulikuwa meli. Meli ya Graf Goetzen ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande na kufungwa katika maelfu ya masanduku. Masanduku yalisafirishwa kwa bahari hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli hadi Kigoma, ambako meli iliunganishwa upya na kushushwa majini mwaka 1915. Ndiyo meli inayoitwa leo MV Liemba.

Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia

Vita vilipoanza mwaka 1914, Reli ya Kati ilikuwa imekamilika miezi michache tu kabla yake. Gillman alijikuta katika hali ngumu. Alikuwa na asili ya Kiingereza kwa baba na ya Kijerumani kwa mama, alisoma kwa Kijerumani, alifanya kazi katika mradi wa Kijerumani, na sasa mataifa hayo mawili yalipigana katika nchi aliyoichagua kuishi.

Mwaka 1916 majeshi ya Uingereza na ya Ubelgiji yaliingia koloni kutoka pande mbalimbali. Wabelgiji waliteka Kigoma mwezi Julai na Tabora mwezi Septemba. Dar es Salaam ilichukuliwa na Waingereza mwezi Septemba. Wajerumani walipokuwa wakirudi nyuma walilipua madaraja na kuharibu injini na mabehewa ili adui asivitumie. Kazi ya miaka tisa ilibomolewa kwa miezi michache, na baadaye ikabidi madaraja yajengwe tena.

Baada ya vita wafanyakazi wengi wa Kijerumani waliondolewa nchini. Gillman alibaki na kuingia katika utumishi wa Reli za Tanganyika chini ya Waingereza. Ujuzi wake ulikuwa na thamani ya pekee, kwa sababu alikuwa ameona njia ikijengwa na alikuwa anajua kilichomo chini ya tuta.

Mhandisi wa Reli za Tanganyika

Katika miaka ya 1920 Gillman alisafiri sana, mara nyingi kwa miguu, akipima njia mpya zilizopendekezwa. Mwaka 1927 alichapisha makala kuhusu kusini-magharibi ya Tanganyika katika jarida la kijiografia la London. Mwaka 1929 ilitolewa taarifa yake kuhusu upimaji wa awali wa reli ambayo ingefungua nchi za kusini-magharibi. Reli hiyo haikujengwa wakati wa uhai wake. Sehemu hizo zilipata reli tu katika miaka ya 1970, TAZARA ilipojengwa kutoka Dar es Salaam kupitia bonde la Kilombero na Mbeya hadi Zambia. Hata hivyo TAZARA ina upana tofauti na ule wa Reli ya Kati.

Katika kipindi hichohicho mtandao wa Reli za Tanganyika uliongezeka. Tawi la Tabora hadi Mwanza lilikamilika mwaka 1928. Kwa upande wa magharibi, kufuatana na mapatano ya mwaka 1921, Wabelgiji walipata sehemu maalumu katika bandari za Kigoma na Dar es Salaam kwa ajili ya mizigo ya mashariki ya Kongo, Rwanda na Burundi. Hivyo treni zilizopita Kaliua zilibeba mizigo ya nchi kadhaa.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 Gillman akawa Mhandisi Mkuu. Kipindi chake kiliangukia katika mdororo mkubwa wa uchumi wa dunia ulioanza mwaka 1929. Bei ya mazao ilishuka, mizigo ilipungua na mapato ya reli yakawa madogo. Tawi la Manyoni hadi Kinyangiri, lililojengwa miaka ya 1930 kuelekea Singida, halikupata mizigo ya kutosha, na baadaye reli zake ziling'olewa.

Hasara ya namna hiyo ndiyo iliyomfanya Gillman afikiri zaidi ya kazi ya mhandisi wa kawaida. Reli huishi kwa mizigo, mizigo hutoka kwa wakulima, na wakulima huishi mahali penye maji. Kwa hiyo kabla ya kuuliza reli ipite wapi, ilifaa kujua watu wanaishi wapi na kwa nini.

Ramani ya watu

Mwaka 1936 Gillman alichapisha ramani ya mtawanyiko wa watu wa Tanganyika katika jarida la Geographical Review la New York. Ilikuwa kazi ya miaka mingi iliyounganisha hesabu za serikali na yale aliyoyaona mwenyewe safarini.

Ramani ilionyesha kwamba takriban theluthi mbili ya wakazi waliishi katika sehemu ya kumi tu ya nchi, na kwamba zaidi ya nusu ya nchi haikuwa na wakazi wa kudumu. Watu wengi walikusanyika pembezoni: kwenye miteremko ya Kilimanjaro na Meru, Usambara, Uluguru, kandokando ya Ziwa Viktoria, Bukoba, nyanda za juu za kusini na sehemu za pwani. Katikati na magharibi kulikuwa na maeneo makubwa ya msitu na kichaka yaliyoonekana kuwa tupu.

Gillman aliona kwamba sababu kuu ilikuwa maji. Aligawanya nchi kufuatana na upatikanaji wa maji kwa mwaka mzima na kulinganisha mgawanyo huo na makazi ya watu. Mahali ambapo maji yalipatikana bila kukauka palikuwa na watu, na mahali yalipokosekana hapakuwa nao. Ramani ilionyesha pia kwamba ardhi yenye maji ya kutosha tayari ilikuwa na wenyewe. Jambo hili lilikuwa na uzito katika mabishano ya wakati huo kuhusu kuleta walowezi wa Kizungu, na mwaka 1942 aliandika makala ndefu kuhusu suala hilo.

Magharibi ya Tabora ni mfano mzuri wa maeneo yaliyoonekana tupu kwenye ramani. Hapo miombo inaenea kwa umbali mkubwa, na mbung'o walizuia ufugaji wa ng'ombe na kuleta ugonjwa wa malale. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wengi wa sehemu hizo kutoka vijiji vyao vilivyotawanyika na kuwakusanya katika makazi ya pamoja ili kupambana na malale. Mashamba na visima vyao vya zamani vilirudiwa na msitu.

Wanahistoria wa baadaye wamesahihisha picha hiyo kwa sehemu. Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha mwaka 1977, alieleza kwamba utupu wa maeneo mengi haukuwa wa asili. Sotoka iliyoua ng'ombe katika miaka ya 1890, ndui, njaa, vita vya uvamizi wa kikoloni na uhamishaji wa lazima vilipunguza watu, na msitu pamoja na mbung'o ukafuata nyuma yao. Kwa mtazamo huo ramani ya Gillman ni kumbukumbu ya nchi iliyokwisha kupata majeraha. Hata hivyo imebaki kuwa chanzo muhimu, kwa sababu hakuna ramani nyingine ya wakati huo inayoonyesha makazi ya watu wa Tanganyika nzima kwa undani kama huo.

Mshauri wa maji na ramani ya uoto

Baada ya kuacha kazi ya Mhandisi Mkuu, Gillman alikuwa mshauri wa serikali kuhusu maji kuanzia mwaka 1938. Alitembelea sehemu nyingi kavu na kuandika taarifa kuhusu mito, visima, mvua na mmomonyoko wa udongo.

Wakati huohuo alikusanya mimea na kuandika habari za misitu, vichaka na mbuga kila alipopita. Kutokana na kazi hiyo alichora ramani ya aina za uoto wa Tanganyika. Ilichapishwa katika Geographical Review mwaka 1949, miaka mitatu baada ya kifo chake. Ndani yake miombo ya Tabora, kichaka cha Itigi na mbuga za Malagarasi, nchi alizozijua tangu siku za ujenzi wa reli, zilipata mahali pao kwenye ramani ya taifa zima.

Kilimanjaro

Mwezi Oktoba 1921 Gillman alipanda Kibo na kufika kwenye ukingo wa kreta. Mwaka 1923 alichapisha taarifa ya safari hiyo. Alishiriki pia katika chama cha wapanda milima cha Afrika Mashariki.

Gillman's Point ipo kwenye kimo cha takriban mita 5,685 juu ya usawa wa bahari. Wapandaji wanaotumia njia ya Marangu hufika hapo baada ya mwinuko mkali wa changarawe, kwa kawaida alfajiri, kabla ya kuendelea kando ya kreta hadi kilele cha Uhuru chenye mita 5,895. Wengi wao hulisoma jina kwenye kibao bila kujua kwamba mwenyewe alikuwa fundi wa reli.

Maandishi ya kihistoria na kifo

Katika miaka yake ya mwisho Gillman aliandika historia. Mwaka 1942 jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapisha historia yake fupi ya reli za Tanganyika, na mwaka 1945 historia ya kukua kwa mji wa Dar es Salaam toka 1860 hadi 1940. Yote mawili ni maandishi ya mtu aliyeshuhudia sehemu kubwa ya mambo anayoyaeleza.

Alifariki mwaka 1946. Aliacha shajara nyingi alizoziandika kwa miaka mingi, ambazo zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza. Mwaka 1987 mwanajiografia Brian Hoyle alichapisha kitabu kuhusu maisha yake kwa kutumia shajara hizo.

Baada ya kifo chake

Mwaka 1948 Reli za Tanganyika ziliunganishwa na zile za Kenya na Uganda kuwa Shirika la Reli na Bandari za Afrika Mashariki. Mwaka 1950 ilikamilika njia ya tawi kutoka Kaliua hadi Mpanda, yenye urefu wa takriban kilomita 210, kwa ajili ya madini ya risasi yaliyochimbwa huko. Kwa njia hiyo Kaliua, iliyokuwa stesheni ya kawaida, ikawa njia panda ya reli. Mgodi ulifungwa baadaye, lakini reli ilibaki na kuendelea kuhudumia watu wa Katavi. Mwaka 2012 Kaliua ikawa makao makuu ya wilaya mpya ya Kaliua iliyomegwa kutoka wilaya ya Urambo.

Msitu ulioonekana mtupu kwenye ramani ya 1936 umebadilika sana. Kilimo cha tumbaku, makazi mapya ya vijiji na uhamiaji wa wafugaji kutoka kaskazini vimeleta watu wengi magharibi ya Tabora, na miombo imepungua.

Bonde la Mkondoa limebaki kuwa sehemu dhaifu ya Reli ya Kati. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yalivunja njia kati ya Kilosa na Gulwe na kusimamisha treni kwa miezi. Reli mpya ya kisasa (SGR), ambayo ni pana zaidi na hutumia umeme, ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, na ujenzi wake kuelekea magharibi unaendelea.

Reli ya Kati katika mifano midogo

Njia aliyoijenga na kuitunza Gillman inafaa pia kwa wale wanaotengeneza mifano midogo ya treni. Katika kipimo cha 1:87, kinachotumika sana duniani, reli ya mita 1 inakuwa na upana wa milimita 11.5 hivi. Kipimo cha biashara kilicho karibu ni milimita 12, ambacho hutumika hasa kwa mifano ya reli nyembamba za Uswisi, nchi aliyosomea Gillman. Behewa lenye urefu wa mita 12 linakuwa na sentimita 13.8, na kilomita moja ya njia ni mita 11.5, kwa hiyo mtengenezaji hulazimika kuchagua mahali pamoja tu, kwa mfano stesheni yenye tangi la maji, bohari na mwembe.

Ili mfano ufanane na ukweli, behewa halibaki na rangi mpya. Sehemu za chini hupakwa wekundu wa udongo wa Tabora, paa hutiwa weusi wa masizi, na kutu huwekwa kidogo kwenye pembe na viungo ambako maji hutuama. Mambo hayo ndiyo yaliyowatia wasiwasi wahandisi wa njia yenyewe, na historia ya Gillman ya mwaka 1942 humsaidia mtengenezaji kujua kitu gani kilikuwepo mwaka gani.